Kati ya Chanjo ya Miezi Tisa na ya Miezi Kumi na Minane

Mtoto akizaliwa Waithaka, kata iliyo kati ya Riruta na Dagoretti Market, miezi yake ya kwanza ina ratiba ambayo kila mama anaijua. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara tu azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Vitamini A akifikisha miezi 6. Surua na rubela akifikisha miezi 9. Kila safari muuguzi humpima uzito, huandika kwenye kitabu cha kliniki, na mama mwenye swali huuliza. Baada ya sindano ya miezi 9, hakuna sindano nyingine mpaka miezi 18. Kwa kanuni, mtoto aendelee kupimwa uzito kila mwezi na vitamini A irudiwe akifikisha mwaka. Lakini mama aliyekwisha kurudi kwenye kibanda chake cha mboga, au kwenye kazi ya kufua nguo Lavington, haoni kwa nini apoteze asubuhi nzima kwenye foleni kwa ajili ya mizani. Hata dozi ya pili ya surua huwakosa watoto wengi, nchini kote, kuliko ya kwanza.

Pengo hilo limekaa mahali pabaya kuliko pote. Kati ya miezi 9 na 18 ndipo mawasiliano ya mtoto hujengeka. Huanza kuitikia jina lake, hunyoosha mikono abebwe, hupunga kwaheri, humwonyesha mama kwa kidole ndege aliyetua juu ya mabati, kisha humgeukia kuona kama naye ameona. Maneno hufuata, yakisimama juu ya msingi huo. Usonji nao, ukiwepo, huanza kujitokeza miezi hiyohiyo, na hujitokeza zaidi kwa mambo ambayo hayaji kuliko kwa jambo geni ambalo mtoto analifanya.

Kwa mtoto yeyote, kukosa jicho la kumtazama wakati huo ni hasara. Kwa mtoto aliyezaliwa na hitilafu ya kijeni hasara huzidi, maana yeye tayari anatarajiwa kuchelewa. Akichelewa kukaa, ni hali yake. Akichelewa kutembea, ni hali yake. Asipomtazama mtu, asipoonyesha kitu, asipogeuka anapoitwa, bado ni hali yake. Kila swali limejibiwa kabla halijaulizwa.

Uhusiano wa usonji na jeni umepita njia ndefu. Daktari Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943 huko Baltimore, aliandika kwamba watoto hao walionekana kuzaliwa hivyo. Miongo iliyofuata ikampuuza na kumtwika mama mzigo: eti hakumpenda mtoto ipasavyo. Ni mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walipochapisha utafiti wao wa mapacha nchini Uingereza, ndipo ilipodhihirika kwamba urithi una nguvu kubwa. Siku hizi jeni zinazohusishwa na usonji zimefika mamia, na kwa watoto wengi wenye usonji hakuna jeni moja inayoweza kunyooshewa kidole. Ukianzia upande wa pili, yaani kwa mtoto ambaye hitilafu yake ya kijeni inajulikana tangu utotoni, picha hubadilika. Uchambuzi wa Caroline Richards na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulikusanya tafiti nyingi na kukadiria ni wangapi wenye dalili za usonji katika kila hali: asilimia 61 ya wasichana wenye sindromu ya Rett, 43 katika Cornelia de Lange, 36 katika tuberasi sklerosisi, 34 katika Angelman, 30 ya wavulana wenye Fragile X, na 16 katika sindromu ya Down. Katika watoto wote duniani, kwa miaka kadhaa Shirika la Afya Duniani lilikadiria takriban mtoto mmoja katika kila 100.

Asilimia 16 ya Down inaonekana ndogo ikilinganishwa na 61 ya Rett, na wasomaji wengi wataipita. Wasiipite. Rett ni nadra sana, ilhali Down ndiyo hitilafu ya kromosomu inayoonekana zaidi katika kliniki zetu, takriban mtoto mmoja katika kila 700 hadi 1,000 wanaozaliwa duniani. Kwa hiyo mtoto wa Nairobi mwenye hitilafu ya kijeni inayojulikana na usonji kwa pamoja, uwezekano mkubwa ni kwamba ana Down, na uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyewahi kuutaja usonji mbele ya mama yake.

Ili kuona kwa nini, lazima tuingie ndani ya hali zenyewe, kwa sababu kila moja huchelewesha mawasiliano kwa mtindo wake.

Mtoto wa Down huchelewa kusema, na mara nyingi ulimi na misuli ya mdomo humpa shida ya kutamka. Lakini mikono yake haichelewi hivyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watoto wa Down hutumia ishara za mikono kwa wingi, kana kwamba wanafidia maneno yasiyotoka: huonyesha, huomba, huigiza kulala, hupunga. Hutabasamu na watu, hutafuta uso wa mtu. Hapo ndipo penye ufunguo. Mtoto wa Down asiyesema lakini anayekuvuta mkono na kukuonyesha ndizi mezani, halafu akakutazama machoni, huyo anawasiliana. Anachokosa ni sauti. Mtoto wa Down asiyesema wala haonyeshi, anayeuchukua mkono wako na kuupeleka kwenye ndizi kama chombo bila kukutazama, huyo anahitaji kuangaliwa kwa swali jingine kabisa. Wote wawili wana miaka miwili, wote hawana maneno, na katika faili wote wataandikwa neno moja: kuchelewa.

Kanuni inayofuata hapo ni rahisi, ingawa hukiukwa kila siku: mtoto asilinganishwe na kalenda, alinganishwe na kiwango chake mwenyewe. Kama ana miezi 24 na kwa jumla anafanya mambo ya mtoto wa miezi 13, basi yaulizwe maswali ya miezi 13. Mtoto wa kawaida wa miezi 13 tayari huonyesha kwa kidole na huitikia jina. Ikiwa huyu anatambaa, anashika, anatafuta kitu kilichofichwa, yote kwa kiwango cha miezi 13, lakini katika kuwasiliana na watu amebaki nyuma hata ya kiwango hicho, kuchelewa kwa jumla hakutoshi kueleza.

Angelman hupotosha kwa upande mwingine. Mtoto hasemi kabisa au husema maneno machache mno maishani, lakini hucheka, hupenda watu, huwasogelea. Mgeni akimwona anacheka hivyo atasema huyu hawezi kuwa na usonji. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kicheko peke yake hakiamui, maana katika Angelman kicheko ni sehemu ya hali yenyewe. Sindromu ya Williams nayo inashangaza: watoto wake ni wachangamfu mno, huwakimbilia watu wasiowajua, na baadhi yao hupata maneno kabla ya kuanza kuonyesha kwa kidole, kinyume cha mpangilio wa kawaida. Wavulana wa Fragile X hukwepa macho ya watu, lakini kwa wengi kinachowafanya wakwepe ni wasiwasi. Wanamtaka mtu na wanamwogopa kwa wakati mmoja. Rett huja na pigo la aina yake: msichana hukua vizuri miezi ya mwanzo, halafu kati ya miezi 6 na 18 huanza kupoteza alichokuwa nacho, maneno yake machache na matumizi ya mikono, na kuanza kuisugua mikono kama anayenawa. Jeni yake, MECP2, ilitambuliwa mwaka 1999 katika maabara ya Huda Zoghbi. Mtoto anayepoteza ujuzi namna hiyo ndiye hutafsiriwa haraka kuliko wote kuwa amelogwa, na kwa kweli ukitazama kwa macho matupu, unaelewa kwa nini watu hufikia hapo.

Tuberasi sklerosisi inastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyofundisha mengi kuhusu usonji wa mapema, na kwa sababu ina alama ambayo mama anaweza kuiona mwenyewe. Ni hali inayoota vivimbe visivyo vya saratani kwenye ubongo, moyo, figo na ngozi. Ngozini hujitokeza mabaka meupe, mara nyingi yenye umbo la jani jembamba, na kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana wazi kuliko kwenye ngozi nyeupe. Ulaya madaktari huyatafuta kwa taa maalumu. Waithaka mama huyaona akimwogesha mtoto, na huenda akapewa dawa ya kupaka kana kwamba ni mashilingi. Watoto wengi wenye hali hii hupata kifafa, aghalabu ndani ya mwaka wa kwanza, tena kwa sura isiyofanana na degedege: mtoto huinama ghafla, mikono ikirushwa mbele, mara moja, mara nyingine, kwa mfululizo, hasa anapoamka. Watu husema anashtuka, au ana gesi tumboni. Kifafa hicho kina dawa, na kila wiki ya kuchelewa huathiri ubongo unaokua. Shafali Jeste na watafiti wenzake nchini Marekani, waliowafuatilia watoto hao tangu uchanga, waligundua kwamba wale ambao baadaye walithibitishwa kuwa na usonji walikuwa wameanza kutofautiana na wenzao kabla ya kutimiza mwaka, na mwaka wa pili pengo likapanuka. Kwa maneno mengine, muda wa kutenda upo. Hauna sindano ya kuukumbusha, basi.

Sasa turudi Nairobi. Mama akimpeleka mtoto aliyechelewa, swali la kwanza hospitalini huwa: alilia alipozaliwa? Ni swali halali. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, vyote hudhuru ubongo na ni mambo ya kawaida kwetu. Lakini swali hilo limekuwa na nguvu kiasi kwamba mtoto yeyote mlegevu anayechelewa huishia kuandikiwa CP, yaani udhaifu wa viungo kutokana na jeraha la ubongo, hata pale mama anaposema alizaliwa salama na kulia kwa sauti. Baadhi ya watoto hao wana hali za kijeni ambazo hazijawahi kutafutwa. Kipimo cha kromosomu kinaweza kuombwa Nairobi, lakini vipimo vya kina zaidi vya jeni kwa kawaida hupelekwa maabara za nje ya nchi, na familia nyingi hulipa mfukoni. Hivyo Down, ambayo daktari huitambua kwa kumtazama mtoto, ndiyo hupata jina. Hali zisizo na sura hubaki bila jina.

Jina nalo lina hatari yake. Neno jeni likitamkwa katika familia, mara moja huanza uchunguzi wa ukoo. Upande wa baba husema kwetu hakuna kitu kama hicho. Upande wa mama hujibu vivyo hivyo. Na kwa kawaida mwenye kushindwa kesi ni mama. Ni muhimu daktari aseme mambo haya waziwazi kabla familia haijaondoka: karibu asilimia 95 ya Down hutokana na ajali ya mgawanyiko wa kromosomu, hairithiwi kutoka upande wowote. Katika tuberasi sklerosisi, takriban thuluthi mbili ya watoto wana badiliko jipya ambalo wazazi hawana. Fragile X ndiyo hupitia kwa mama, na hapo mazungumzo ni magumu zaidi, kwa sababu huenda dada zake nao wanaibeba. Kulificha jambo hilo kwa kumhurumia ni kuwanyima wanawake hao haki ya kujua.

Afrika haikusahauliwa kabisa katika historia hii, ingawa ilitembelewa kwa haraka. Katika miaka ya 1970 Victor Lotter alizunguka miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akiwatafuta watoto wenye usonji katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili, na ripoti yake ya 1978 ikasema aliwapata wachache mno. Kwa miaka mingi takwimu hiyo ilisomwa kana kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Tatizo ni mahali alipotafuta: mtoto aliyefungiwa nyumbani au kupelekwa kwa nyanya kijijini hakuwa katika taasisi yoyote ya mjini. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano yao Kilifi na Mombasa kuhusu visababishi vya usonji, na majibu yalichanganya mapepo, uchawi na laana na matatizo ya uzazi, maradhi na urithi. Kinachovutia ni kwamba watu hawakuona haja ya kuchagua. Mama anaweza kuamini kromosomu na jicho baya kwa pamoja, na anayetaka kumsaidia hana haja ya kwanza kumshinda katika hoja ya jicho baya.

Pwani hiyohiyo ndipo ulipo mradi wa NeuroDev, unaofanywa Kilifi na Cape Town kwa ushirikiano na taasisi ya Broad ya Marekani. Mradi huu hukusanya damu na maelezo ya watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, usonji ukiwemo, pamoja na wazazi wao. Umuhimu wake ni wa vitendo. Hifadhi za jeni zinazotumiwa duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko ambalo ni la kawaida tu kwa Mkikuyu au Mgiriama linaweza kuripotiwa kama jambo la kutiliwa shaka, na familia ikaishi na hofu ya bure. Lakini tuwe wakweli: NeuroDev huwaangalia watoto waliokwisha kukua kidogo, wenye umri wa kupimwa. Mtoto mchanga wa Waithaka si sehemu ya hesabu hiyo.

Na si ya hesabu hiyo tu. Sensa ya 2019 ilipouliza kuhusu ulemavu, ikiwemo ugumu wa kuwasiliana, iliuliza kwa watu wa miaka 5 na kuendelea. Asilimia 2.2 iliyotokana nayo, takriban watu laki tisa, haina mtoto mchanga hata mmoja. Serikali ya kaunti inayopanga bajeti kwa takwimu hizo haina budi kupanga kana kwamba ulemavu huanza darasa la kwanza.

Vipo vipimo vinavyofaa watoto wetu? Vipo, kuliko watu wanavyodhani. Kilifi, Katie Alcock na kundi lililokuwa na Amina Abubakar na Charles Newton walitengeneza orodha za maneno na ishara kwa Kiswahili na Kigiriama, za watoto wa miezi 8 hadi 28, na kuzifanya mahojiano ili hata mama asiyesoma ajibu. Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige aliongoza kazi ya kurekebisha orodha ya maswali ya kuchuja matatizo ya ukuaji. Orodha ya M-CHAT ya Marekani, yenye maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, hutumika bure na imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Ila kwa mtoto mwenye hitilafu ya kijeni huashiria hatari kupita kiasi, kwa sababu iliyotajwa: humlinganisha na kalenda. Jibu baya katika orodha hiyo ni mwaliko wa kuangalia zaidi, lisichukuliwe kama hukumu.

Kuna pia suala la macho. Maswali mengi ya kigeni huuliza kama mtoto hutazamana na mama yake. Robert LeVine na wenzake walioishi miongoni mwa Abagusii katika miaka ya 1970 waliandika kwamba mama wa Kigusii alimtuliza mtoto, alimbeba, alimnyonyesha haraka alipolia, lakini hakutazamana naye sana wala kumsemesha sana katika miezi ya mwanzo. Watoto hao walikua na kuwa wasemaji wazuri tu. Kwa hiyo muuguzi asikimbilie kuandika macho. Kuonyesha kwa kidole ni ushahidi bora zaidi, maana watafiti waliolinganisha jamii za mabara mbalimbali waliikuta ishara hiyo kila walipokwenda, ikianza karibu umri uleule, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili. Mtoto aliyelelewa mgongoni kwa leso huonyesha sawa na aliyelelewa kwenye kigari.

Waithaka yenyewe ina hali yake ya lugha, na hapa ushauri mbaya umejaa. Mtoto wa ploti husikia Kikuyu cha shosho, Kiswahili cha majirani, Sheng ya kaka zake na Kiingereza cha televisheni. Akichelewa, jambo la kwanza mzazi huambiwa, wakati mwingine na mwalimu, wakati mwingine na mhudumu wa afya, ni kwamba lugha zimemchanganya. Achague moja, tena iwe Kiingereza kwa sababu ya shule. Ushahidi hauungi mkono hilo. Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake nchini Kanada walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Down waliolelewa kwa lugha mbili hawakuwa nyuma, kwa Kiingereza, ya wenzao wa lugha moja walio katika kiwango kilekile cha ukuaji, na tafiti za watoto wenye usonji zimefika hapohapo. Kinachotokea shosho akikatazwa Kikuyu ni kwamba mtu anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wote hunyamaza.

Ushauri mwingine wa mtaani ni kukatwa kwa kinyama cha chini ya ulimi. Hauna msaada kwa mtoto asiyeonyesha wala kuitikia. Na wa tatu, wenye wapenzi wengi, ni kusubiri: baba yake pia alichelewa. Kuna watoto wanaochelewa na kufika, ni kweli. Wale ambao hufika, mara nyingi walikuwa wakielewa na wakionyesha muda wote huo.

Kabla ya jeni, kabla ya usonji, kuna masikio. Zaidi ya nusu ya watoto wa Down hupata upungufu wa kusikia kwa kiasi fulani, mara nyingi kwa sababu ya maji yanayojaa nyuma ya ngoma ya sikio, ambayo yanatibika. Mtoto asiyesikia haitikii jina, hubaki nje ya mazungumzo, na huonekana kama asiyejali watu. Kumpa jina la usonji kabla ya kumpima masikio ni kosa la kitaalamu, na kumwambia mama kwamba ni Down tu kabla ya kumpima masikio ni kosa lilelile kwa upande wa pili.

Mama wa Waithaka akiamua kutafuta msaada, ramani yake ni hii. Kituo cha afya cha Waithaka kiko karibu, Hospitali ya Mutuini haiko mbali, na kwa uchunguzi zaidi atapelekwa Mbagathi au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko ndiko atakutana na wale ambao wazazi huwaita OT, yaani wataalamu wa tiba ya kazi (occupational therapy), ambao katika hospitali za umma ndio hubeba kazi kubwa ya watoto hawa, hata ile ambayo kwingineko ingefanywa na mtaalamu wa usemi, maana wataalamu wa usemi nchini ni wachache sana. Upimaji wa kielimu upo katika vituo vya EARC (Educational Assessment and Resource Centres), vilivyoanzishwa mwaka 1984, na katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, upande wa pili wa jiji. Kitengo cha usonji cha City Primary, Ngara, kilichoanza mwaka 2003 kwa juhudi za wazazi wa Autism Society of Kenya, kimewafungulia wengi njia. Ukiitazama ramani hii kwa makini utaona kasoro yake: nusu ya pili ni ya elimu, na hupokea mtoto anapokaribia shule. Hata mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambayo yamefanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia, ni ya watoto wa miaka 2 hadi 9.

Je, kuanza mapema kunafaa kweli, au tunawaongezea akina mama kazi na hofu? Swali hili wataalamu hulikwepa. Ushahidi mzuri tulio nao ni jaribio la Australia lililoongozwa na Andrew Whitehouse na kuchapishwa mwaka 2021. Wazazi wa watoto wa karibu mwaka mmoja wenye dalili za awali walionyeshwa video zao wenyewe wakicheza na watoto, na kusaidiwa kusoma ishara za mtoto na kuzijibu. Kufikia miaka mitatu, asilimia 6.7 ya watoto hao walifikia kigezo cha usonji, dhidi ya 20.5 ya wale waliopata huduma za kawaida. Jaribio lilikuwa dogo, halikuwa la watoto wenye hitilafu za kijeni, na wapo wanaobisha kwamba kilichopungua ni ukali wa dalili tu. Nakubali hoja zote tatu. Hata hivyo mafunzo yenyewe yalikuwa kumtazama mtoto, kumsubiri, kujibu ishara yake. Hakuna mashine ndani yake, na hakuna mtoto anayedhurika kwa kujibiwa.

Na hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii, CHP, wanapoingia. Mwaka 2023 serikali iliwazindua karibu laki moja, kila mmoja akiwa na kaya takriban mia, wakiwa na mizani, kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, na utepe wa kupima mkono wa mtoto. CHP wa Waithaka anajua ni nyumba gani ina mtoto wa Down na ni nyumba gani ina mtoto anayefichwa. Anapita humo katika miezi ileile ambayo kliniki imenyamaza. Kumwongezea maswali manne hakuhitaji bajeti ya kifaa: Anasikia? Anaitikia jina? Anaonyesha kwa kidole? Amepoteza chochote alichokuwa akikifanya? Swali la nne likijibiwa ndiyo, safari ya hospitali ni ya wiki hiyohiyo. Kaunti ya Nairobi ingeweza kuanza na kata tano za Dagoretti Kusini na kuona.

Kwa mama au baba anayesoma haya akiwa na mtoto wa aina hii: usingoje chanjo ya miezi 18, na usingoje majibu ya maabara ya nje. Mtoto wako akifika mwaka mmoja, au akifikia kiwango cha mwaka mmoja katika mambo mengine, na bado haonyeshi wala haitikii, nenda kituo cha afya na kitabu chako cha kliniki, omba apimwe masikio kwanza, kisha omba barua ya kwenda kwa OT. Rekodi video fupi kwa simu ukiona anashtuka kwa mfululizo, daktari aione. Endelea kumsemesha kwa lugha unayoijua vizuri. Ukiambiwa ni hali yake tu, uliza swali moja zaidi: ni hali yake, na nini kingine?